Sahihi za Ng'ambo ya Mto

Shangazi Verna mpendwa,

Nisamehe, miezi miwili sijakuandikia. Mtoto anaota meno, nami nagombea Kongresi! Kila mlango ninaobisha naahidi jambo moja: wodi ya wazazi ya hospitali yetu ifunguliwe tena, asijifungulie mwingine barabarani kama mimi.

Jumamosi kwenye maonyesho ya kilimo nilikusanya sahihi arobaini za kunidhamini. Kumbe waliosaini wote ni wa ng'ambo ya mto, jimbo jingine, kwa hiyo hazihesabiki! Mmoja wao, Mzee Lonnie, akanicheka: "Binti, ungeniuliza nakaa wapi kabla hujanilisha pai!" Nilicheka hadi machozi.

Pamoja na zile nilizokusanya huku kwetu, bado zapungua kumi na moja, mwisho Ijumaa, la sivyo jina langu haliingii kwenye karatasi ya kura. Kwa hiyo nirudishie fomu niliyoambatisha ikiwa na sahihi kumi na moja za majirani zako, maana nyinyi mko jimboni mwetu, kwa wino, na anwani kamili. Kila mtu asaini mwenyewe; Mjomba Gus asiwasainie wengine, zitakataliwa.

Wako,
Darlene