Kipande Chako cha Mtoni

Nyumbani, kandokando ya hifadhi
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Baridi haijakumaliza? Na goti la shemeji, linakunjika sasa? Sisi wazima, ila baba watoto na kikohozi chake, ndugu wawili wasioachana.

Kaa kitako nikupe habari za mwanao. Anahesabu vyura, na wanamlipa mshahara! Wamemfanya mkuu wa utafiti pale hifadhini. Vyura, ndege, vipepeo, wote anawajua kwa majina. Nilipomzaa nilisema huyu si wa kawaida, mkacheka. Haya, chekeni sasa.

Juzi aliitisha mkutano wa wakulima tunaopakana na hifadhi. Akasema dawa tunazopulizia maharage zinasombwa na mvua mpaka mtoni, na huko ng'ambo, ndani ya hifadhi, vyura wanakwisha na ndege wanaowala wamehama. Akaomba tuache kulima ukingoni, vichaka virudi. Mwenye mashine ya kusaga akapayuka, "Binti, anza kwa mama yako!" Naye bila kupepesa: "Shamba la mama ndilo la kwanza kwenye ramani, mzee wangu." Nilitamani kumfinya na kumkumbatia kwa wakati mmoja.

Maana ukingo wenyewe si wangu. Ni kile kipande mama alichokuachia wewe. Mimi nakilima tu, ili siku ukichoka na ugeni ukute pa kurudi.

Mvua zinanukia, na majirani wananitazama mimi. Nikilima, watalima, nikiacha, wataacha. Mwanao naye kila asubuhi anachungulia kama jembe bado liko ukutani. Nimemwambia mali ina mwenyewe. Asitambe kwa shamba la mama yake mdogo. Kutamba ni kazi yangu.

Basi nakuomba, kiache kirudi kuwa kichaka, nawe uchukue changu cha juu, pale nyuma ya jiko. Baba watoto ameridhia, tayari anapima kwa hatua na kujidai fundi. Ukijenga pale, nikipiga chafya utanisikia. Ukikataa, nitalima kama kawaida na sitanuna. Labda kidogo.

Nijibu kabla mvua hazijashuka.

Msalimie shemeji, mawifi zako, na yule mtoto wenu Kifimbo asiyetaka kula. Mungu akulaze salama, akuamshe salama, atukutanishe tungali na meno ya kuchekea.

Ni mimi dada yako nikupendaye, uje au usije. Lakini uje.