Nafasi Uliyoitandika Koti

Mwaka umetimia, Kristofa Shekivuli, Baba Dorkasi, tangu ulipotutoka, na ngoma ya shambani kwetu imechezwa bila wewe. Nina neno na wewe. Wasomaji watanivumilia.

Uliianzisha mwaka uliofuata Uhuru, maharage yakiwa yameshavunwa. Matuta tuliyolazimishwa kuchimba na mkoloni, wenzako waliyabomoa kwa hasira. Wewe ukayaacha upande mmoja wa shamba, ukasema hivyo ni viti. Kweli watu wakaja na watoto wao, wakajipanga kwenye matuta: tarumbeta za Walutheri, dufu za akina Salimu, na mdumange wa kufungia, wazee wakicheza hadi kofia zinadondoka.

Pombe ulikataa. Ulisimama njiani ukinusa kibuyu kimoja kimoja, mtu asije akapitisha dengelua karibu na watoto. Hata cha mama yangu mzazi, mkweo, ulikinusa! Alikuwa amebeba togwa, maskini, na hakukusamehe upesi. Mwaka wa Azimio, balozi wa nyumba kumi naye alikuja kuchungulia, akidhani ni mkutano wa siri. Ukampakatisha mtoto wa jirani, akabaki naye mpaka mwisho.

Basi kama wewe ulikuwa mtu wa kushuku, na mimi nilikuwa na shuku yangu. Kila mwaka ulikaa tuta la juu, na pembeni yako ukatandika koti. Mtu akitaka kukaa, unamwambia, "Hapo pana mwenyewe."

Mwenyewe nani? Mimi nilikuwa chini kwenye mafiga, nageuza makande ya watu wote, na jicho langu liko kwenye hilo koti. Paskalina wa kwaya ya Wakatoliki alipoimba, ile sauti yake inapanda mpaka msituni, nikasema ahaa, mwenyewe ndiye huyu. Miaka yote nilimsalimia kwa midomo tu. Wewe sikukuuliza. Iliniuma, Baba Dorkasi, usidhani haikuniuma.

Tulikuzika, shuku hatukuizika. Mwaka huu ndugu yako Tobia aliposema ngoma tuiache, nilikuwa wa kwanza kukataa. Watu wakanisifu, Yunis ana moyo. Moyo gani! Nilitaka nikakae pale juu nione ulikuwa unamtazama nani.

Nikapanda, nikatandika koti lako, nikakaa. Kwaya ikaanza. Paskalina simwoni! Ule mti wa plamsi uliokataa kuukata umeificha kwaya nzima. Kutoka pale, upande ule kinachoonekana vizuri ni kimoja tu, mafiga yangu.

Dorkasi alikuwa karibu. Nikamwuliza, "Baba yako alikuwa akimwekea nani nafasi hapa?"

Akanishangaa. "Mama, si wewe? Kila mwaka si alikuwa ananituma nikuite?"

Ni kweli alikuwa anakuja. "Baba anakuita." Na mimi nikajua mwenye wageni akiita anataka kahawa. Nikamimina kikombe, nikamwambia, haya mpelekee. Mwaka hadi mwaka. Na wewe, mwanamume mzima, ukapokea kahawa, ukanywa, ukanyamaza! Uliweza kunusa kibuyu cha mkweo mbele ya watu, ukashindwa kushuka ukanishika mkono? Loo, Baba Dorkasi.

Nililia palepale. Paskalina alipoacha kuimba akaja kunibembeleza, nikamsogezea koti akakaa. Huko chini makande yalianza kuungua, harufu ikajaa shamba zima. Mdogo wake Dorkasi, Esta, akapiga kelele, "Mama, chungu!"

Sikuinuka. Mdumange ukaanza, nikautazama wote, mwanzo mpaka mwisho, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Ni mzuri, mume wangu. Nilikuwa sijui.

Unakumbukwa nami mkeo Yunis, na wanao Dorkasi na Esta, na ndugu yako Tobia, na akina Salimu, na balozi wetu. Na Paskalina. Mimi mwenyewe nimesema jina lake liwemo.

Hatujakusahau, Baba Dorkasi, wala hatutakusahau. Mwakani koti litatandikwa palepale, na makande atapika mwingine.