Chungu Kilichokuwa Chini ya Duka

Manyamanyama,
Bunda.
14 Septemba 1986

Mpendwa kaka Nathanieli,

Shikamoo. Nina habari kubwa, lakini nakujua, nisipoanza na salamu utanirudishia barua. Hujambo huko Mtwara? Wifi Ursula na watoto wanaendeleaje? Sisi tu wazima. Babu Nyamhanga goti linamsumbua na macho yanafifia, ila ugali anakula kuliko mimi.

Siku hizi sabuni na sukari zinapatikana bila foleni, basi mume wangu Apolinary naye kaamua kufungua duka. Saruji tulipata Mwanza, na Jumanne fundi Masatu akaanza kuchimba msingi nyuma ya nyumba.

Kaka, ningekuwa na mabawa ningekuja kukuambia mwenyewe! Shimo halijafika hata kiunoni akakuta udongo ulioungua, mabomba ya udongo wa mfinyanzi yaliyovunjika, na mavi ya chuma, yale makapi yanayobaki chuma kikiyeyushwa, meusi, mazito, ndoo tele. Masatu akatupa chepe akakimbilia barabarani, anapiga kelele kwamba tunajenga juu ya mchawi.

Unaikumbuka Krismasi ya mwaka 1979? Babu alisimulia kwamba mababu wa mababu zake waliyeyusha chuma hapahapa, wakafua majembe, na watu wakaja kwa mitumbwi kutoka visiwani kubadilisha kwa chumvi na samaki furu wakavu. Ukamwambia mbele ya wageni kwamba hizo ni hadithi za kulazia watoto, kwenye vitabu vyako vya historia hazimo. Tangu siku ile, nikisoma barua zako, babu huchukua fimbo yake akatoka nje. Sikuwahi kukuandikia hilo.

Basi tulimshika babu mkono mpaka shimoni. Akapapasa bomba moja toka mwanzo hadi mwisho. "Msiguse kwanza," akasema. "Hapo katikati, chini, kuna chungu kidogo, mdomo umezibwa na jiwe. Walikuwaga wanakifukia kabla ya kuwasha moto. Kina dawa ya kuita chuma. Bila hicho mawe yalikuwaga yanakataa kuyeyuka."

Apolinary akacheka. Mimi pia kidogo, Mungu anisamehe. Kisha Apolinary akafukua taratibu kwa panga, urefu wa mkono tu, panga likagonga jiwe. Chungu! Kizima, kinaenea kiganjani, na jiwe lake mdomoni! Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani tunaoza binti.

Duka tumelisogeza hatua kumi. Masatu amerudi kazini, ingawa shimo lile analizunguka kwa mbali.

Sasa kila mtu anataka kujua kilichomo, na babu amekataza jiwe lisitolewe. "Atalitoa Nathanieli," anasema. "Si ndiye msomi? Aje aandike na hiki kwenye vitabu vyake." Chungu kiko chini ya kitanda chake, amekiviringisha katika shati lako la shule. Sikujua kama bado analo. Kaka, babu ana miaka themanini na kitu. Njoo likizo hii ya Desemba, usingoje ya mwakani.

Shangazi Pelagia anakusalimu sana, na mama mkubwa Dorotea wa Suguti. Mbusu kila mtoto kwa niaba yangu. Mungu awafunike nyote, na akufungulie njia ya kuja.

Barua hii nimemsomea babu yote, kuanzia shikamoo. Hajatoka nje.

Mdogo wako akupendaye,
Skolastika