Iache Ipate Moto

Mjukuu wangu Zuhura,

Asalaam alaikum. Huku Buyenzi tuko wazima. Shangazi yako amehamia Musaga, na mvua zimeanza.

Unauliza kwa nini kompyuta ya marehemu baba yako, ukiiwasha asubuhi, inasema haioni diski, na ukiizima ukaiwasha tena inaiona. Nimemuuliza fundi wa hapa mtaani. Anasema diski imezeeka, inachelewa kushika mwendo, na kompyuta haiingoji.

Nikakumbuka redio ya baba mkwe wangu, miaka ile ya uhuru, mi bado bibi harusi. Ilikuwa ya zile za kizamani, zenye taa za kioo ndani. Siku moja adhuhuri majirani walijaa sebuleni wasikie habari, redio ikawa kimya. Shemeji akainua mkono aipige.

"Apana, mwanangu," mzee akasema. "Iache ipate moto."

Akaenda zake kutawadha. Tukabaki tunakitazama kile kijicho cha taa mbele ya redio kikigeuka kijani polepole, kama maji ya ziwa kunapokucha, na vumbi la ndani likinukia joto. Habari zenyewe nimezisahau. Kimya kile ninacho mpaka leo.

Usiitupe mashine, mama. Fundi anasema kwenye mipangilio ya kuwashia kuna mahali pa kuiambia ingoje kidogo kabla ya kutafuta diski. Iambie ingoje. Picha za baba yako zimo humo, na yeye mwenyewe, unamjua, hakuwa mtu wa kuamka haraka.

Bibi yako anayekuwaza,
Mwajuma