Kikao cha Kukataa Vicheko vya Kubandika

KIKUNDI CHA VICHEKESHO "TUKO FASI", MISIERA, KAMBI YA WAKIMBIZI NAKIVALE
Kikao cha dharura, Jumatano 12 Machi 2025, nyumbani kwa Mwenyekiti, saa tisa alasiri

Waliohudhuria: Mzee Byamungu (Mwenyekiti), Mzee Gakwaya (mjumbe wetu wa Mbarara), Nabintu (mwandishi wa michezo), Mama Umwiza (mwigizaji), Mariette (Katibu).

Asiyehudhuria: Nehemiya, yuko Endiinzi kutafuta maziwa. Ameweka jiwe kwenye kiti chake, kama tunavyofanya kwenye foleni ya bombani, ili fasi yake isichukuliwe.

KUMB. NA. 1/03/2025: BARUA YA TELEVISHENI
Mzee Gakwaya alisoma barua ya kituo kimoja cha Mbarara. Kitaonyesha mchezo wetu wa foleni ya maji kwa masharti mawili: vibandikwe vicheko vilivyorekodiwa, na kila kichekesho kifuatwe na maelezo. Tusipokubali kabla ya Ijumaa, nafasi watapewa wengine. Tumeiomba nafasi hiyo miaka sita.

KUMB. NA. 2/03/2025: MAJADILIANO
Mzee Gakwaya alieleza kwamba mkurugenzi wa kituo, alipoonyeshwa mchezo, hakucheka pale Mama Umwiza anapoliamkia jiwe la kwenye foleni: "Jambo Mama Jiwe, ulilala muzuri? Batoto?" Jiwe lisipojibu, anawageukia wenzake: "Amenuna. Jana nilimupita." Mkurugenzi aliuliza kwa nini mtu mzima anaongea na jiwe.

Nabintu alijibu, kwa sauti iliyosikika hadi dukani: "Mutu akikueleza ugali ni mutamu, utashiba?" Alisema kinachochekesha ni ile heshima: salamu ni za ukweni, anayesalimiwa ni jiwe. Aliyewahi kuacha jiwe bombani hucheka kabla sentensi haijaisha.

Mama Umwiza aliongeza kwamba wake wa askari kule kambi ya jeshi ya Makenke, ambao hawajui foleni zetu, waliangalia mara ya kwanza kimya. Mara ya pili walimwamkia Mama Jiwe wenyewe. "Hatukubafasiria kitu," alisema.

Mzee Gakwaya alisema kiburi hakijengi nyumba. Hapo Nabintu alisimama. "Ile jiwe ya kwenye muchezo ni ya mama yangu. Alikufa, tukakuta ingali bombani, batu banaizunguka kwa adabu. Simubandikii mama yangu vicheko vya batu basiomujua."

KUMB. NA. 3/03/2025: AZIMIO
Mwenyekiti aliomba wanaokubali masharti wasogee dirishani. Mzee Gakwaya alikwenda peke yake. Alipopita kiti cha Nehemiya, goti lake liligonga jiwe. Alilishika haraka, akasema: "Pole sana, mama."

Kikao kilivunjika mbavu. Mwenyekiti alifuta machozi kwa kofia. Mzee Gakwaya alicheka wa mwisho, na ndiye aliyechelewa kunyamaza. Hakuna aliyeeleza kitu. Alirudi kukaa.

Masharti yamekataliwa kwa kura zote tano. Jiwe halikupiga kura.

Mzee Gakwaya aliomba apeleke jibu Mbarara yeye mwenyewe, pamoja na jiwe la Nehemiya, aliweke kwenye kiti cha wageni pale mapokezi. Wakitaka kuwapa wengine fasi yetu, alisema, walisalimie kwanza.

Tuliinuka saa kumi na moja kasoro robo, bila deni la maelezo kwa mtu.

Byamungu, Mwenyekiti ....................
Mariette, Katibu ....................