Masaa ya Ndege Mpaka Nyumbani

Ramlo, uko? Sikia alichofanya mama leo.

Amempigia kaka yangu Sakariye, simu iko kwa spika, akamuuliza kutoka huko Minneapolis mpaka Nairobi ndege inachukua masaa mangapi.

Sakariye akafurahi, akadhani anaitwa nyumbani. Akasema masaa ishirini na mawili, halafu sita ya basi mpaka hapa Garissa.

Mama akahesabu kwa vidole.

"Basi wewe hutanizika. Huku mtu akifa asubuhi, alasiri ashazikwa."

Wallahi alisema hivyo. Hutanizika. Na hata si mgonjwa.

Halafu akakata simu.

Sasa mama amevaa viatu, anaenda kwa Billow, mtoto wa dada yake, kumwomba yeye asihame Garissa.