Mpigaji Bora wa Prosek

Prosek, Nebraska
9 Septemba

Kwako ndugu yangu Leland Hruska,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na huyo binti yako anayekutunza huko Oregon. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kitako na kahawa yako mkononi, na hiyo nyonga mpya imeshakubali kuwa ni ya kwako. Sisi huku hatujambo. Mahindi yamekomaa, magoti yananiuma kila mvua ikitaka kunyesha, na shemeji yako Arlys anakusalimu sana na anauliza kama kuna mtu anayekupikia chakula cha maana au unaishi kwa samaki tu. Mimi ni mzima, ila sauti imenikauka kwa kubishana, na huko kubishana ndiko kulikonikalisha chini niandike.

Najua umeshasikia kwamba mwakani shule yetu inaunganishwa na ya Harlow. Ndiyo, Harlow hao hao, mahasimu wetu wa siku zote. Watoto wamepungua pande zote mbili, basi wakubwa wa elimu wameamua tuoane, tupende tusipende. Timu ya Prosek inacheza msimu huu wa mwisho, kisha jina lake linakufa. Sisi wachezaji wa zamani tukasema haiwezekani marehemu azikwe kimya kimya. Tukakubaliana tuchague kikosi bora tangu timu ianzishwe, mtu mmoja kwa kila nafasi, na majina yachorwe kwenye ukuta wa ghala la nafaka, pale ambapo kila apitaye barabara kuu atayasoma. Nafasi zote zilijazwa bila matata, isipokuwa moja tu, ya mpigaji.

Arlys, ambaye miaka yote hii bado anauita mpira wetu huu wa Kimarekani vita vya watu waliovaa masufuria kichwani, aliniuliza kwa kebehi: hivi wazee wazima mnagombania mtu ambaye kazi yake ni kuingia wenzake wakishashindwa kusonga mbele, akaupiga mpira teke, akawapa maadui? Nikamwambia ndiyo hasa. Wenzake wakishaaibika, yeye ndiye anayeupeleka mpira mbali, ili maadui waanze safari yao kutoka mlangoni kwao na si mlangoni kwetu. Na Prosek tulishindwa kusonga mbele kuliko timu yoyote ya kaunti hii, kwa hiyo kama kuna watu duniani wanaojua thamani ya mpigaji, ni sisi. Alicheka mpaka akavua miwani.

Basi zikatokea kambi mbili, ya Gaylen Vrba na ya kwako. Na wewe badala ya kutusaidia ukampigia simu Twila Bohac, mwenyekiti wetu, ukamwambia, "Mpeni Gaylen, mimi niacheni." Leland, nilikasirika, nakwambia kweli. Nilisema huyu mtu anyenyekee kwa mambo mengine yote, lakini jina hili halitachorwa mara mbili. Nikaapa kwamba nitakupigania utake usitake.

Mkutano ulikuwa Jumamosi mchana katika ukumbi wa askari wastaafu. Kulikuwa na chili, ule mchuzi wa nyama na maharage, na mikate ya mdalasini kama ada, na watu wa Harlow tuliwaalika, maana ndio wakwe zetu sasa. Gaylen alikuja na lile koti lake la shule, ambalo vifungo havijaonana na matundu yake tangu akiwa kijana. Unamjua Gaylen, hajaanza kujisifu leo. Alisimama akasema, "Yadi themanini na moja. Kama kuna aliyefika hapo asimame, mimi nitakaa." Nikamjibu kwamba siku ile upepo ulikuwa mgongoni kwake, na hata kofia ya padri ilifika yadi themanini. Watu wakacheka. Yeye akaniambia, "Wewe Virgil ulikuwa unainama tu na kurusha mpira kwa nyuma, utajua nini?" Nikamwambia nilimrushia Leland kila mpira alioupiga kwa miaka mitatu, kama sijui mimi nani atajua.

Hapo nikapata nafasi niliyokuwa naitaka. Nikasimulia fainali yetu na Harlow, kama ninavyoisimulia kila mwaka. Theluji inamwagika, watu wa jukwaani hawaoni hata pua zao, tunaongoza kwa pointi moja na muda unakwisha, tumekwama kwenye mstari wetu wenyewe na upepo unatupiga usoni. Nikasimulia jinsi nilivyokurushia, ukapiga, mpira ukapanda juu kabisa, ukizunguka kama pia, ukamezwa na theluji, kisha ukashuka kutoka mbinguni ukamgonga mdakaji wao begani, na vijana wetu wakaulalia, ukawa wetu tena. Watu waliweka vijiko chini. Wengine walifuta macho, na mimi mwenyewe nilikuwa karibu. Nikajua nimeshashinda.

Kumbe! Upande wa Harlow akainuka mtu mrefu mwenye fimbo. Alikuwa Merle Tietz. Leland, ndiye yule yule mdakaji. Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye soksi. Aliomba ruhusa kwa Twila, akasema yeye hana kura, ila mipira ya wote wawili, Gaylen na Leland, aliidaka yeye. Kisha akasema hivi, na nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema:

"Virgil anasimulia vizuri, lakini huo si mpira niliouona mimi, na mimi ndiye niliyekuwa chini yake. Haukuzunguka hata kidogo. Ulikuja umekufa, pua imeinama, unayumba kama mlevi anayetafuta mlango. Na si kwamba alikosea. Mipira mizuri nilikuwa naidaka, na Leland alilijua hilo, kwa hiyo mimi alinipigia mibaya kwa makusudi. Gaylen alikuwa anapiga mbali, na mimi nilikuwa na muda wa kusali kabla sijaudaka na kukimbia nao. Mpira wa Leland sikuwahi kukimbia nao hata hatua moja. Nilikuwa namwogopa. Nimeona aibu kulisema hili maisha yangu yote, leo nimelisema."

Akaketi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Twila hakungoja mtu aongeze neno, akaomba mikono inyooshwe. Mikono ya kwako ilijaa ukumbi. Gaylen alijipigia kura kwa mikono miwili, na akatangaza kwamba hata hivyo hakuna aliyepiga mbali kama yeye, tukamkubalia. Baadaye nilimwona amekaa na Merle, wanabishana ni mpira gani wa Gaylen uliokuwa mgumu kuudaka, na Merle anamwambia kwa upole kwamba anajaribu sana kukumbuka hata mmoja.

Kwa hiyo jina lako linachorwa, ndugu yangu. Mpigaji bora wa Prosek tangu mwanzo hadi mwisho ni Leland Hruska. Nilirudi nyumbani kifua mbele, nikamwambia Arlys kama vile nimechaguliwa mimi. Najivuna, na sioni haya kusema.

Lakini kuna jambo ambalo sikulisema pale ukumbini. Twila aliniuliza mbona mimi na Merle tumeona vitu viwili tofauti, nikajibu kwamba Merle alikuwa karibu zaidi na macho yangu yamezeeka. Watu walikubali. Wewe nakwambia kweli. Leland, sijawahi kuuona mpira wako hata mmoja ukiwa hewani. Si ule wa fainali tu, hata mmoja. Kila nilipokurushia, kabla sijainua kichwa palikuwa na jitu la watu limenikalia shingoni, na mimi nimelala uso kwenye matope au kwenye theluji. Nilichokuwa nakipata ni sauti. Buti lako likigusa ngozi ya mpira, mshindo mmoja mkavu, nami pale chini mdomo umejaa udongo najua kwamba tumepona. Kisha naamka, watu wanashangilia, nami nashangilia. Huo mpira unaozunguka kama pia niliutengeneza mwenyewe, kwa kuwa niliona mtu mwenye mshindo kama ule hawezi kupiga kitu kibaya.

Na sasa nimeelewa kwa nini kila nikianza kusimulia ulikuwa unatoka nje kwenda kutazama gari. Nilidhani ni unyenyekevu. Kumbe ulikuwa unasikiliza nikikusifia mpira ambao hukuupiga, na ule ulioupiga kwa akili yako nimeuzika. Na hukunisahihisha hata siku moja mbele za watu, ukaona afadhali achukue Gaylen kuliko mimi niumbuke. Kupiga ulipiga vizuri, lakini mimi najivuna zaidi kwa hilo.

Basi sikiliza. Mchezo wetu wa mwisho ni Ijumaa ya tatu ya Oktoba, na wameamua kwamba kabla haujaanza, kila aliyemo kwenye kikosi cha ukutani atasimama tena mahali pake. Wanataka upige mpira mmoja. Waliponiuliza nani akurushie, niliwauliza kama wana akili timamu. Mbele yangu hapatakuwa na mtu, Leland. Hakuna wa kunikalia shingoni. Kama nyonga haitaki, piga hata yadi tano, piga mbaya kama ule wa Merle, mimi sijali. Nitakurushia, kisha nitainua kichwa nitazame.

Njoo, ndugu yangu. Nataka niuone japo huo mmoja.

Msalimie sana binti yako, na mwambie chumba cha juu kimeshatandikwa. Arlys anasema mlete hamu ya kula. Gaylen naye anakusalimu kwa shingo upande.

Ni mimi, niliyekurushia yote,

Virgil Ostdiek